Safu ya Kumi na Moja

Kocha Wiertel, usitupigie makofi.
Nakuona. Kila tukichapwa unageukia jukwaa letu,
unagonganisha viganja mara mbili tatu
kama mtu anayekung'uta unga,
kisha unazama handakini, koti limefungwa hadi kidevuni,
sisi unatuachia mvua.

Mimi ni Bogumil. Safu ya kumi na moja, kiti cha mia na nne,
kile kilichopasuka upande wa kushoto
tangu tuliposhuka daraja mara ya pili.
Miaka ishirini na tisa nimechimba makaa ya mawe chini ya mji huu,
na kule chini tulikuwa na sheria moja:
nguzo ikilia, toka.
Hapa nguzo zinalia kila Jumamosi
na mimi nimekaa, nakula mbegu za alizeti.

Hebu tuzihesabu nguzo zako.
Beki wa kati anageuka kama lori la kokoto kwenye uchochoro.
Mwenzake, Drozdek, anaukimbia mpira
kama mdaiwa amkimbiavyo mwenye duka.
Kipa hutoka asipoitwa, akiitwa yumo ndani.
Na yule winga, mtoto wa watu, mbio anazo, sikatai,
ila hakuna aliyemwambia kwamba uwanja una mwisho.

Iskra, jina la timu. Maana yake cheche.
Cheche!
Tumepuliza majivu hadi macho yamekuwa mekundu.

Na juzi, dakika ya themanini, tuko nyuma mbili bila,
ukamtoa mshambuliaji ukaingiza beki.
Ulikuwa unalinda nini, kocha?
Hata bahili hufunga mlango akiwa na kitu ndani.
Jirani yangu Gerwazy, ambaye hajatukana tangu alipoacha pombe,
alisimama, akavua kofia,
akakutazama hivyo hivyo, kichwa wazi, mvua inamnyeshea,
kama tuko maziarani.

Skafu hii alinifumia Otylia.
Kijani chake kimechujuka, sasa kina rangi ya supu ya juzi.
Mpira hakuupenda, hata kuotea hakujua ni nini.
Lakini nilipofungua mlango na uso umeniporomoka
aliacha mwiko sufuriani, akauliza neno moja tu:
"Mgodini?"
Nami nikajibu, "Uwanjani."
Basi alicheka! Alicheka akishika meza,
akanipakulia viazi hadi sahani ikafurika.
Tulifungwa nne, tulifungwa sita,
na kwake ilikuwa sikukuu.

Siku hizi nafungua mlango mwenyewe.
Uso umeporomoka vilevile.
Jiko haliulizi.

Kwa hiyo jana, Jumatatu, nilipanda tramu kwenda klabuni.
Nilikuwa na matusi matatu, nimeyapanga njiani kwa uzito,
lile la mamako nimeliweka mwisho.
Nilitaka pesa yangu, na kama pesa hakuna
nilitaka mtu mmoja mwenye funguo za ofisi
anitazame machoni aseme: ndiyo, tumekuonea.

Dirishani alikuwepo binti wa tikiti, mafua yamembana.
Hakuinua kichwa.
Alivuta daftari, akalamba kidole,
akafika kwenye jina langu kabla sijalitaja.
"Kiti kilekile, mzee?"

Tusi la kwanza likanikwama kooni,
la pili sikulikumbuka tena.
Nje, kwenye nyasi zenye vipara,
yule winga alikuwa anafanya mazoezi peke yake.
Alikimbia hadi chaki ya mwisho.
Akasimama.
Akapiga krosi, nzuri kweli, 
kwa mtu ambaye hakuwepo.

"Kilekile," nikasema. "Ila mkigongelee msumari kile kiti."
Bei imepanda. Nimelipa.
Nilipofika mlangoni nikarudi:
"Na mwambie kocha, binti. Mabeki wanne wanatosha.
Wanne. Mwandikie mahali."